Waliobeba Birika la Ubatizo

Jiwe halitoroki. Hilo Inspekta Janet Mutunga alikuwa na hakika nalo, na asubuhi ile ya Jumamosi hakuwa na hakika na jambo jingine lolote. Jiwe hubebwa, na likiwa zito kama birika la ubatizo la Kanisa la Mtakatifu Alban, hubebwa na watu kadhaa wenye migongo imara. Polisi walikuwa na mtu mmoja tu ndani ya seli, tena mwembamba, mwenye kifua cha kukohoa.

Mtu huyo aliitwa Kenga. Ndiye aliyekuwa mtunza kanisa: hufagia, hupiga kengele, hufungua na kufunga. Alikuwa ameketi juu ya simiti tupu, shati lake amelikunja kulikalia. Ilikuwa Julai, na Mombasa ikiamua kuwa na baridi huiweka yote kwenye sakafu.

"Nieleze tena ya jana," Janet alisema.

"Mzee Joab wa baraza la kanisa alinituma Tononoka kwa seremala, nikamuulize habari ya benchi letu lililovunjika. Akaniambia nimwachie ufunguo. Nikamwachia."

"Seremala alikuona?"

"Karakana ilikuwa imefungwa, afande. Ilikuwa Ijumaa mchana, fundi amekwenda msikitini. Nikangoja mpaka nikachoka. Niliporudi nilikuta ufunguo mahali pake, nikafungua, nikaona kigogo cha kulibebea birika kimesimama peke yake. Birika halipo."

"Mzee Joab anasema hakukutuma popote. Alikuwa Changamwe kwa binti yake."

Kenga aliinamisha kichwa, akafikiri. "Basi amesahau," alisema.

"Amesahau jambo la jana?"

"Yeye ni baba yangu wa ubatizo. Nilibatizwa mtu mzima, pale pale kwenye lile jiwe, naye ndiye aliyesimama kando yangu. Hawezi kunisingizia."

Janet alifunga daftari lake. Katika kazi yake alikuwa ameona washukiwa wa kila aina, wenye kulia na wenye kutukana, lakini mshukiwa wa kumtetea shahidi wa upande wa pili alikuwa hajakutana naye. Jumatatu Kenga angepelekwa mahakamani. Kabla ya hapo, leo alasiri, baraza la kanisa lingekaa kumfukuza kazi, na pamoja na kazi kingekwenda chumba cha nyuma ya kanisa alichoishi na mkewe. Mashahidi walikuwa wawili tu, Kenga mwenyewe na mzee wa kanisa, na hakuna mtu mjini aliyehitaji kuambiwa ni nani angeaminiwa.

Mke wa Kenga, Mbodze, alikuwa kwenye benchi la mapokezi, blanketi mapajani. Konstebo wa kaunta alikuwa ameshamwambia mara kadhaa kwamba hairuhusiwi kumpelekea mahabusu kitu kutoka nje. Mbodze hakubishana naye. Alikaa tu, na konstebo alikuwa amekwisha kuhamisha kiti chake ili asitazamane naye.

*

Kanisa la Mtakatifu Alban ni dogo, limebanwa na nyumba za Mji wa Kale kiasi kwamba mgeni hupita mlangoni pake akidhani ni ghala. Kasisi Oliver aliwapokea Janet na Sajini Thoya, akawapeleka penye tatizo. Kilichobaki kilikuwa kigogo cha jiwe, kimo cha kiuno cha mtu, na juu yake duara la rangi nyeupe kidogo ambapo bakuli la birika lilikuwa limekaa.

"Ni kazi ya miaka zaidi ya mia saba," kasisi alisema. "Wamishonari walilileta kwa meli kutoka kanisa moja la Uingereza lililobomolewa. Lilikuwa na majani yaliyochongwa kuzunguka mdomo, na wanyama wanne chini yake. Vitabu vinasema ni simba. Watoto wa hapa husema ni paka."

"Na wewe?"

"Mimi naona paka," kasisi alikiri.

Janet alipiga magoti. Alitazama sakafu kutoka kwenye kigogo hadi mlangoni, polepole, uso karibu na mawe. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ukingo wa kigogo ulikuwa mzima. Mwizi wa kawaida angelivuta, angelibingirisha, angevunja pembe akapita. Hawa walilinyanyua juu kwa pamoja, wakatembea nalo hadi nje, na hawakulitua njiani hata mara moja.

"Sajini, bakuli lile unadhani linahitaji watu wangapi?"

"Sita, afande. Wanne wakiwa na wazimu."

"Na wote wapite kichochoro hiki mchana, asiwaone mtu."

"Ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa. Maduka yamefungwa kuanzia hapa mpaka Biashara Street, wanaume wote wako misikitini. Ukitaka kuiba Mji wa Kale, hiyo ndiyo saa yako."

Lilikuwa wazo zuri, na Janet aliliweka akilini. Kisha akamgeukia kasisi. "Nani alikuwa analitaka?"

Kasisi Oliver alisita kidogo. Jumba moja la makumbusho la ng'ambo lilikuwa limeliomba, alisema, likahifadhiwe huko mahali pakavu, maana chumvi ya hewa ya pwani ilikuwa inalila. Baraza lilikubali. Lingepakiwa melini mwezi ujao.

"Baraza lote lilikubali?"

"Lote. Hakuna aliyepinga."

"Kila mtu alisema ndiyo kwa mdomo wake?"

"Mzee Joab alikaa kimya," kasisi alisema baada ya kufikiri. "Lakini yeye ni mtu mkimya."

*

Thoya alikuwa na mtu wake. Aliitwa Jamaldin, mwenye duka la vitu vya kale upande wa pili wa kichochoro, na alikuwa ameshawahi kwenda kwa kasisi mara mbili kuuliza kama birika linauzwa. Kwa Thoya hiyo ilikuwa kesi nzima, ilibaki pingu tu.

Waliingia dukani. Jamaldin alikuwa akipangusa sinia ya shaba, na hakuacha kuipangusa.

"Salaam aleikum. Karibuni. Nilijua mtakuja, nikashangaa mbona mmechelewa."

"Ulilitaka birika la kanisa," Janet alisema.

"Nililitaka, nalitaka, na mkilipata na kasisi akibadili nia, mniambie." Aliinua sinia, akaitazama kwenye mwanga. "Jana saa mnayoitaka nilikuwa msikitini safu ya kwanza, ubavuni mwa kadhi. Muulizeni. Tena fikirini, mama. Kitu kile hakina cha pili pwani nzima. Nikikiweka dukani nimejikamatisha mwenyewe. Nikikificha, ni jiwe tu la kujikwaa usiku."

"Ungeajiri watu."

"Watu gani? Mahamali wa mji huu nawajua mmoja mmoja. Ijumaa saa ile hata umpe dhahabu, hamali hakubebei mto wa kulalia."

Nje, Thoya alikuwa amenuna. Janet alisimama katikati ya kichochoro, akayatazama madirisha. Mlango wa kanisa ulielekeana na mlango mmoja tu, wa nyumba ya ghorofa yenye dirisha la mbao lililofungwa.

"Nyumba hii ulihoji?"

"Nilibisha, afande. Kuna mjane, Bi Mwanarusi. Amefiwa na mumewe, yuko eda. Hatoki nje na haonani na wanaume wa kando. Niliandika kwamba hakuna shahidi."

"Mjane aliye eda hatoki nje."

"Hatoki."

"Kwa hiyo jana mchana, mtaa mzima ulipokuwa mtupu, alikuwa wapi?"

Thoya aliinua macho kwenye lile dirisha.

"Nawe ulishindwa kumhoji kwa sababu wewe ni mwanamume," Janet alisema. "Mimi nimekuwa mwanamume lini, Thoya?"

*

Alivua viatu mlangoni, akapiga hodi, akajifunga leso kichwani kama alivyoombwa na binti aliyemfungulia. Bi Mwanarusi alikuwa ameketi juu ya mkeka chini ya dirisha, amevaa nguo nyeupe, bila wanja wala harufu ya udi, akishona vitundu vya kofia ya vito.

"Shikamoo, Bibi. Pole kwa msiba. Mungu amrehemu mzee."

"Marahaba, mwanangu. Amin. Ndoo ukae." Alimtazama vizuri. "Wewe ndiwe polisi? Nalidhani polisi wote wana masharubu."

"Wengine twanyoa, Bibi."

Kikongwe alicheka kidogo, akarudi kwenye sindano yake. Janet hakumharakisha. Kahawa ililetwa na kunywewa, na marehemu akaulizwa habari zake, maana alistahili kuulizwa. Ndipo Janet akauliza kuhusu jana.

"Mimi sikuona kitu," Bi Mwanarusi alisema. "Dirisha halifunguliwi hapa mpaka nitoke eda. Lakini masikio hayakufiwa. Hotuba ya Ijumaa yalikuwa yaendelea kwenye kipaza sauti, kisha nikasikia miguu ya watu kanisani. Miguu ya viatu vizito. Nikasema, hawa ni mahamali gani wasiokwenda swala?"

"Walikuwa wakizungumza?"

"Waliimba."

Janet aliweka kikombe chini.

"Mmoja yuwaita, wenziwe wamuitikia, kwa sauti ya chini, kama watu waliokatazwa kuimba lakini hawawezi kubeba bila wimbo. Si nyimbo za mahamali wetu. Hizo nazijua, nimezaliwa nazo. Hii yalikuwa habari ya chuma. Chuma kimelala, kimelala wapi, sijui nani akiamshe. Nikajiuliza, chuma gani? Nalitega sikio nisikie chuma kikigonga ukuta au kikilia, hata mara moja. Hakikulia."

"Waweza kuniimbia?"

"Mimi? Niimbe nami niko eda?" Bi Mwanarusi alimtazama kama mtu aliyeombwa acheze ngoma. Kisha akagonga sakafu kwa kidole, taratibu, na juu ya mapigo ya kidole chake akanong'ona maneno bila kuyaimba. Pigo la tatu lilikuwa refu, na pale sauti ilishuka.

Janet aligonga nyuma yake mpaka akaushika mdundo. Watu wanaoimba chuma hata wanapobeba jiwe ni watu ambao maisha yao yote wamebeba chuma. Chuma kirefu, cha kunyanyuliwa na wengi kwa mkupuo mmoja, la sivyo kinavunja miguu. Mombasa ina chuma cha aina hiyo mahali pamoja tu, nacho kinaanzia stesheni na kwenda hadi bara.

"Bibi, hiyo sauti iliyokuwa ikiita, ukiisikia tena utaijua?"

"Mwanangu, sina kazi nyingine ya kufanya humu ila kujua sauti za watu."

Walipatana. Janet alishuka, akavaa viatu, akamuuliza Thoya swali moja: Mzee Joab Okumu alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kustaafu.

"Reli, afande. Alikuwa nyapara wa genge la njia, huko nyuma. Wale watu wake wengi bado wako kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli."

*

Baraza lilikutana alasiri kanisani. Walikuwa wanaume wazima wa bandari na maofisi, waliovaa mashati ya Jumapili siku ya Jumamosi ili jambo lionekane zito. Mzee Joab alikaa mwisho wa benchi la mbele, mrefu, mikono mikubwa juu ya magoti. Alimwamkia Janet kwa adabu. Janet naye alimwamkia kama mtu wa umri wa babake, kisha akaenda akaufungua mlango mkubwa wa mbele, akauegemeza jiwe usijifunge.

"Sitawakawiza," aliwaambia. "Kabla hamjaamua lolote kuhusu Kenga, nataka kuona chini ya hicho kigogo. Naomba wenye nguvu wanisaidie kukisogeza."

Ilikuwa hoja dhaifu. Hakukuwa na kitu cha kuonwa chini ya kigogo, na mtu yeyote aliyefikiri kidogo angejua. Lakini wanaume wanaotazamwa na mwanamke na kuambiwa wenye nguvu hawafikiri kwanza. Watano walisimama, wakakunja mikono ya mashati.

Mzee Joab hakusimama.

Walikishika kila mtu anakojua. Mmoja alivuta kabla ya wengine, mwingine akasukuma, kigogo kikainama upande, na karani wa bandari aliyekuwa nyuma akaruka akiokoa kidole. Walicheka, wakapumua, wakajaribu tena. Safari hii kiliinuka upande mmoja, kikayumba, kikatua kwa kishindo sentimita chache kutoka kiatu cha Kasisi Oliver.

Janet hakuwa akitazama kigogo. Alikuwa akitazama mikono ya Mzee Joab. Ilikuwa imeondoka magotini.

Walijaribu mara ya tatu, vibaya kuliko awali.

"Acheni," Mzee Joab alisema. Alikuwa ameshasimama. "Acheni, mtakatana miguu. Mnabeba kama watu wanaogombania gunia. Wewe, pita huku. Wewe shuka chini, tumia paja, usitumie mgongo. Nyote mnasikia sauti moja tu. Mtu asinyanyue mpaka niseme."

Walijipanga walivyoambiwa. Yeye mwenyewe alishika upande mzito, akatanua miguu, na sauti ikamtoka kifuani, nzito na ya taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kusikika kutoka mwisho mmoja wa reli hadi mwingine.

"Chuma kimelala."

Hakuna aliyejua kuitikia. Hakujali.

"Kimelala wapi. Kimelala njiani. Nani akiamshe."

Pumzi moja ndefu ilipita. Kisha sauti ikashuka, na kigogo kikaondoka sakafuni kama kimeitwa, kikasogea hatua mbili, kikakaa chini bila mlio.

Mtu mmoja alisema Alhamdulillahi kwa mzaha, ndani ya kanisa, na wenzake wakaanza kucheka. Ndipo dirisha la mbao ng'ambo ya kichochoro likagongwa kwa ndani. Mara tatu, na ya tatu ikichelewa kidogo.

Mzee Joab alilisikia. Alilitazama lile dirisha lililofungwa, akaitazama mikono yake juu ya jiwe, kisha akamtazama Janet. Hakuwa mjinga.

"Kuna mtu mle ndani?" aliuliza.

"Kuna mjane, mzee. Yuko eda. Jana alikuwa pale pale."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama fundi anayeonyeshwa msumari alioupinda. "Nilifikiria wanaume," alisema. "Nilihesabu wanaume tu."

*

Mzee Joab alieleza yote garini bila kulazimishwa. Watu wake wa zamani aliwaambia birika linapelekwa kutengenezwa, nao wakamwamini, kwa kuwa katika maisha yao hakuwahi kuwaambia wabebe kitu kisichofaa kubebwa. Walifika nalo barabarani kwa miti na turubai, pikapu ikawa inangoja. Watoto wake sita wamebatizwa ndani ya jiwe lile, alisema. Mmoja wao amekufa, na hana kitu kingine cha mtoto yule kilichobaki duniani isipokuwa mahali pale alipowekewa maji. Na sasa walitaka kulipeleka kwenye nchi ya baridi, watu walizunguke wakila aiskrimu.

"Ungesema barazani," Janet alisema.

"Nani humsikiliza nyapara mstaafu?"

Nyumba yake ilikuwa Tononoka. Nyuma palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda, juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa vizuri, palikuwa na kitu kilichofunikwa. Mzee Joab alikifunua mwenyewe. Birika lilikuwa zima: majani yake, mdomo wake uliolika, na chini wale wanyama wanne wakitazama pande nne kwa nyuso zao za paka. Lilikuwa limefunikwa mablanketi mawili mazito ya sufi, mapya.

"Unyevu wa Julai ni mbaya," alieleza. "Jiwe likilala kwenye unyevu linaharibika."

Thoya aligeuka akatazama ukuta.

"Na Kenga?" Janet aliuliza.

"Kenga hana kosa. Mtu asiye na kosa huachiliwa." Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, akikunja blanketi pembe kwa pembe. "Nilijua angeachiliwa. Ni jambo la siku chache."

Janet alilitazama blanketi likikunjwa. Alikuwa amepeleka mahakamani watu wengi wasio na kosa walioaminiwa kuwa nalo, na baadhi yao bado walikuwa ndani.

Walirudi kituoni jua likiwa bado juu. Mbodze alikuwa kwenye benchi lile lile, na blanketi lile lile. Janet alitia saini, na Kenga akaletwa akipepesa macho, shati lake lililokunjamana limemkaa upande. Mkewe alisimama. Hawakukumbatiana, walishikana mikono tu na hawakuachiana upesi.

Mlango wa mbele ukafunguliwa na Thoya akamwingiza Mzee Joab.

Wote walisimama mapokezi. Mzee Joab alitazama sakafu. Hakuna aliyemweleza Kenga kitu, na haikuhitajika. Aliuona mkono wa sajini juu ya kiwiko cha mzee, akaelewa, na uso wake ukazeeka mbele yao.

"Birika limevunjika?" aliuliza.

"Hapana," Mzee Joab alisema. "Liko salama. Nililiweka vizuri."

Kenga aliitikia kwa kichwa. Alilichukua blanketi mikononi mwa mkewe, akamwendea mzee, akamwekea mikononi.

"Mle ndani ni simiti, baba," alisema. "Nilikaa juu ya shati."

Kisha akatoka nje na mkewe, wala hakugeuka. Mzee Joab alibaki ameshika blanketi kwa mikono yake mikubwa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujua alishike vipi.

Konstebo wa kaunta alikohoa. "Afande," alimwambia Janet, "kitu kutoka nje hakiruhusiwi."

"Leo kimeruhusiwa," Janet alisema. "Mwache aingie nalo."